Msimu wa Buibui, Kijiji cha Mtakuja

Jumanne, 12 Novemba 1974

Nimefika Mtakuja saa nane mchana juu ya lori la mbolea, na sanduku langu la nguo na makasha mawili ya dawa. Mimi ni Yahaya Mfaume, mtoto wa fundi viatu wa Tabora mjini. Nilifagia wodi za hospitali ya Kitete miaka mitatu, kisha nikasomeshwa udresa, yaani uganga msaidizi wa zahanati, mwaka mmoja. Mkufunzi wetu alitusisitizia kila dresa awe na daftari na aandike anachokiona. Naanza leo.

Kijiji kina umri wa miezi miwili. Watu walihamishiwa hapa Septemba kutoka vitongoji vya porini upande wa Ipole. Nyumba zote ni za miti mibichi na nyasi, na zahanati yangu ni chumba kimoja chenye mlango wa matete. Mwenyekiti, Ndugu Sylvester, alinionyesha ukuta wa nyuma.

"Malaria utaikuta, dresa. Lakini kazi yako kubwa itakuwa wadudu. Tumejenga juu ya nyumba zao."

Nilidhani ananitania kwa kuwa natoka mjini. Kabla ya magharibi nilikuwa nimeua buibui wanne.

Jumatano, 13 Novemba

Wagonjwa: hakuna.

Ijumaa, 15 Novemba

Watatu wa malaria. Mmoja alitaka sindano. Nilipompa vidonge aliviangalia kama mtu aliyepunjwa.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Kila kilichokuwa kikiishi ardhini kimehamia ndani. Nimekung'uta viatu kabla ya kuvaa, kikaanguka kitu chenye miguu mingi ambayo sikukaa kuihesabu.

Alhamisi, 28 Novemba

Alasiri aliletwa Elieza, mkulima Mmoraviani anayekaa mwisho wa mstari wa tatu wa nyumba. Buibui alimuuma kwenye kiganja asubuhi akibeba nyasi za kuezekea. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Mzee Bundala.

Mzee Bundala ni mrina asali. Kwa miaka yote watu wa huku wakiumwa na nyoka, nge, siafu au buibui, wamekwenda kwake. Alimfunga Elieza kamba ya gome juu ya kiwiko, akamchanja kwa wembe mara sita kuzunguka mahali pa kuumwa, akapaka unga mweusi, akamwambia arudi kwake kesho. Kamba ilikuwa bado imefungwa. Mkono ulikuwa wa baridi na rangi yake si ya mkono wa mtu aliye hai. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

Nilikata kamba. Elieza alipiga kelele.

"Usikate! Sumu itapanda moyoni!"

"Na damu je, itashukaje mkononi? Mkono wako utaoza ukiisubiri sumu."

Pete niliitoa kwa povu la sabuni, robo saa nzima. Nikaosha zile chale, nikaweka kitambaa cha maji ya mtungi, nikauinua mkono kwa kitambaa kilichofungwa kwenye boriti. Kuumwa kwenyewe kulikuwa jambo dogo, kidoti na uvimbe wa ukubwa wa sarafu. Kilichokuwa kinamuua mkono ni tiba.

Ijumaa, 29 Novemba

Vidole vya Elieza vimepata joto. Nilikwenda kwa Mzee Bundala. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akishona mzinga wa gome.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekata kamba yangu."

"Ndiye mimi, mzee."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi."

Akaendelea kushona. Nikaondoka. Mzee mkaidi, na ana majivuno. Watu wa namna hii ndio wanaorudisha nyuma kazi yetu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mkutano wa kijiji. Baada ya habari za mbolea nilipewa nafasi. Nilisimama na mkono wa Elieza ukiwa shahidi, nikawaeleza: ukiumwa na buibui usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na bangili mapema kabla ya uvimbe. Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa cha maji baridi. Kiungo kitulie, kiinuliwe. Kisha njoo zahanati.

"Maji ya baridi tunatoa wapi, Tabora?" aliuliza mtu wa nyuma, wakacheka.

"Mtungini kwako," nilisema. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami.

Kisha akasimama Mama Getruda, mkunga wao, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alisali rozari mkutano mzima.

"Dresa, buibui wako wengi. Nitajuaje aliyeniuma ni wa kuja kwako na ni yupi wa kujikuna tu nikaendelea kulima?"

Swali zuri. Nilimjibu: "Angalia mahali. Ukiona jeraha, uvimbe au wekundu, njoo. Usipoona kitu, endelea na kazi yako."

Walipiga makofi. Mzee Bundala hakupiga. Alikuwa ameondoka.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua siku ya tano. Malaria sita, kuhara wawili, jipu moja.

Jumanne, 24 Desemba

Iddi ya kuchinja. Mwislamu ni mimi peke yangu hapa, nikaswali chumbani juu ya gunia. Saa saba Damas, kijana wa Mama Getruda, alileta sahani ya wali na kuku.

"Mama anasema mtu hali sikukuu peke yake. Na kuku nimemchinja mimi kwa jina la Mungu, lakini kama haifai, kula wali."

Nilikula wali. Kuku niliwapa watoto wa jirani. Nilipopeleka sahani nilimwona mke wa Damas, Tekla, akipepeta mchele. Ana mimba ya miezi minne hivi, mwembamba, mcheshi. Aliniuliza kama ni kweli mjini kuna watu wanaolipa ili kupigwa picha.

Alhamisi, 9 Januari 1975

Elieza amerudi shambani. Vidole viwili bado vigumu lakini anashika jembe.

Jumatano, 15 Januari

Waliokuja kwa kuumwa na wadudu mwezi huu: kumi na mmoja. Waliokwenda kwanza kwa Mzee Bundala: hakuna. Nimeandika taarifa ya mkoa kwamba wananchi wa Mtakuja wameelimika kuhusu huduma ya kwanza ya kuumwa na buibui. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili kwa kuipenda.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua.

Jumatano, 5 Februari

Uvunaji wa tumbaku umeanza. Mabani yote manne, vibanda vya kukaushia majani kwa moto, yanawaka. Wanawake wanakaa chini kutunga majani kwenye fito tangu asubuhi, na mikono yao ni myeusi kwa utomvu. Kikohozi kingi, maumivu ya kichwa mengi. Nawaambia wanawe mikono kabla ya kula. Wananiambia tumbaku haitoki kwa maji.

Alhamisi, 20 Februari

Naandika ya jana kwa sababu jana sikushika kalamu. Niko hospitali ya Sikonge, kwenye benchi la nje ya wodi ya wanawake.

Jana saa tano asubuhi Tekla aliletwa na wanawake wawili wakimshika huku na huku. Alikuwa akitunga majani bani la pili. Tumbo lilikuwa linamkata, mgongo unamuuma, uso umemlowa jasho. Mimba inaingia mwezi wa saba. Niliweka mkono tumboni, nikakuta gumu kama ubao. Nikasema moyoni: uchungu umekuja kabla ya wakati. Nikamlaza, nikampa vidonge viwili vya kutuliza maumivu, nikatuma mtu shambani kumwita Mama Getruda, nikakaa kungoja. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilichemsha maji, niliosha mikasi, nilitafuta kanga safi. Nilifanya kila kitu cha mtoto na sikumuuliza mama swali hata moja.

Mama Getruda alifika saa saba kasoro akiwa na tope hadi magotini. Hakunisalimu. Alipiga magoti, akaweka mkono wake tumboni kwa mkwewe, akatulia. Mimi nilikuwa nasuuza kikombe. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Uchungu huu si wa kuzaa," alisema.

"Tumbo limekaza, mama. Angalia."

"Ndilo ninaloliangalia. Uchungu wa kuzaa unakuja, unakwenda, mama anapata kupumua. Nimeweka mkono hapa tangu ulipochukua hicho kikombe, na tumbo halijalegea hata mara moja." Akamfunua miguu. Misuli ya mapaja ilikuwa inarukaruka yenyewe. Kisha akasema jambo ambalo mimi, mwenye cheti, sikuliona kwa saa mbili. "Na mbona mguu huu umelowa na huu mkavu?"

Ni kweli. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinatoka jasho la matone. Cha kushoto kilikuwa kikavu, na vumbi lake bado lipo.

"Tekla, mwanangu, mguu huu umefanya nini?"

"Kitu kilinichoma asubuhi, mama. Pale kwenye fito. Si kitu." Alisema kwa kukata maneno kwa sababu ya maumivu.

Damas alikuwa mlangoni. Alisikia, akakimbia. Mimi nikashika sabuni. Nikaosha kile kifundo, nikakiangalia kwenye mwanga wa mlango. Palikuwa na vidoti viwili vidogo kuliko ncha ya sindano. Uvimbe hakuna. Wekundu hakuna. Niliweka kitambaa cha maji ya mtungi, nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, nikamwambia asitembee tena hata hatua moja. Huduma yangu yote iliishia hapo. Kwenye kasha langu hapakuwa na dawa ya kumaliza lililompata.

Damas alirudi na Mzee Bundala nyuma yake. Mzee alikuwa amebeba jani la tumbaku lililokunjwa. Aliingia, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, mmoja na lile jani, wa pili mtupu.

"Nimekuja bila wembe," alisema.

Alifungua jani. Buibui mfu, mweusi tititi, tumbo la mviringo kama kunde, mstari wa rangi ya machungwa juu yake. Alikuwa amepindua rundo la fito la bani la pili kwa kijiti, moja moja, hadi akamkuta chini kabisa na mifuko yake ya mayai.

"Huyu namjua," alisema. "Wengine wote nafunga, nachanja, wanapona. Nadhani wangepona hata nisingewagusa. Huyu sijawahi kumweza. Nilimwona akimmaliza mtoto wa dada yangu, na mtu mzima mmoja alimwachia siku nne za kulia. Mpeleke hospitali."

Sikutegemea kusikia neno hilo kwake.

Ndugu Sylvester alisema barabara mpya imekatika kwenye mbuga iliyojaa maji, lori halipiti tangu Jumatatu, na kwa miguu tope linafika kiunoni. Mzee Bundala akasema hatutapita barabara mpya. Kuna njia ya zamani ya misafara inayofuata mgongo wa nchi hadi Ipole, maili saba. Yeye huipita kwenda kwenye mizinga yake.

"Babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani hadi pwani. Wapagazi hawakuwa wajinga wa kupita kwenye tope."

Tulifunga machela kwa fito mbili na blanketi. Tuliondoka saa nane mchana tukiwa watu wanane, tukipokezana wanne wanne. Mzee alitangulia. Njia ni nyembamba na imeota majani, lakini ni kavu, na kila penye korongo kuna mahali pa kuvukia palipochimbwa na miguu ya watu tangu zamani. Mama Getruda alitembea ubavuni mwa machela maili zote saba akilowesha kile kitambaa kwenye kibuyu. Mimi nilihesabu pumzi za Tekla kila tulipobadilishana mabega. Nilichoogopa ni kifua kukaza kama tumbo. Mara mbili alitapika. Mara moja alilia akisema mtoto hachezi. Mama Getruda akamwambia, "Na wewe ungebanwa hivyo ungecheza?" Akanyamaza.

Damas hakukubali kupokewa. Bega lake lilichubuka, damu ikaonekana kwenye shati, nikamwambia aache, akanijibu, "Usiniambie kitu, dresa." Hakusema kwa hasira. Alisema tu.

Ipole tulifika saa kumi na mbili kasoro. Lori la tumbaku lilikuwa linapakia. Dereva alichungulia kwenye machela, akaamuru marobota kumi yashushwe, akatandika magunia. Mzee Bundala hakupanda. Aliniambia, "Kazi yangu ni njia," akageuka akarudi.

Hapa Sikonge daktari alimchoma Tekla sindano ya mshipa, polepole, akimuuliza anaendeleaje. Kabla sindano haijaisha aliacha kukunja uso. Moyo wa mtoto unasikika. Daktari alimwangalia buibui niliyemleta ndani ya jani, akatikisa kichwa, akasema tungechelewa zaidi asingetoa ahadi yoyote.

Ijumaa, 21 Februari

Asubuhi nilipewa ruhusa ya kuingia wodini. Tekla alikuwa amekaa, anakunywa uji. Nilimuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza juzi: ulichomwa saa ngapi?

"Saa mbili hivi."

"Na ulikuja saa tano. Kwa nini hukuja mara moja?"

Alinishangaa. "Si ulitufundisha wewe? Nilifunua kanga mguuni nikaangalia kama ulivyosema. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe, hakuna wekundu. Nikaendelea na kazi."

Alisema bila lawama, kama mwanafunzi anayejibu swali alilolisoma vizuri. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi hadi adhuhuri.

Kwa hiyo saa tatu za kwanza ni zangu. Na saa mbili za kumngojea Mama Getruda ni zangu. Nimezijumlisha hapa ili nisije nikazisahau: tano.

Jumatano, 26 Februari

Nimerudi Mtakuja. Malaria wanne.

Alhamisi, 27 Februari

Nilikwenda kwa Mzee Bundala kabla ya mvua. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia niliyoambiwa na Tekla. Hakusema kwamba alijua ingekuwa hivyo. Alimenya muhogo, akanipa nusu.

"Yule mtoto wa dada yangu," alisema baadaye, "nilimfunga kamba. Miaka ishirini na mbili sasa. Nikaendelea kufunga wengine, maana ningeacha, watu wangeuliza kwa nini nimeacha."

Tulikula muhogo. Nilimwandika mzee huyu vibaya mwezi wa Novemba. Sitaufuta ule ukurasa, lakini naandika hapa kwamba nilikosea.

Jumamosi, 1 Machi

Mkutano wa kijiji. Niliomba nafasi ya kwanza, kabla ya mbolea.

Nilisema: "Ndugu zangu, mwezi wa Desemba niliwaambia msipoona alama endeleeni na kazi. Niliwadanganya. Sikukusudia, lakini niliwadanganya, na Tekla nusura afe kwa kunisikiliza. Kuna buibui anayeuma asiache alama ya kuonekana. Kuosha ni kulekule, kitambaa ni kilekile, kamba na wembe bado hapana. Lakini hata pasipo na alama, mkichomwa na kitu msichokijua, njooni mkae nami. Tumbo likikaza, jasho likitoka ovyo, misuli ikirukaruka, pumzi ikiwa nzito, hatukai zahanati. Tunakwenda hospitali."

Nilisubiri mtu anitukane. Elieza akauliza kwa nini waniamini leo kama Desemba nilisema vingine. Nilimwambia asiniamini mimi, amuulize Tekla, amuulize na Mzee Bundala, kisha aamue.

Mzee Bundala alikuwepo. Alisimama, akaeleza buibui yule anavyofanana, anapokaa, na kwamba fito zigongwe chini kabla ya kushikwa. Kisha akasema kuhusu mtoto wa dada yake, mbele ya watu wote. Dada yake mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alijifunika uso kwa kanga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika taarifa ya mkoa. Nimeomba ile ya Januari isitumike. Nimeeleza zile saa tano zilizopotea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua inapungua. Siku hizi nikipita mabanini asubuhi nasikia fito zikigongwa chini.

Jumamosi, 26 Aprili

Tekla amejifungua saa tatu asubuhi, nyumbani, mikononi mwa Mama Getruda. Mtoto wa kike, mdogo lakini ana sauti. Mimi nilikuwa nje na Damas. Niliitwa kukata kitovu kwa mkasi wangu safi, na Mama Getruda aliniangalia mkono wakati wote.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua zimekwisha. Mabani mawili yamezimwa.

Saa sita mchana alikuja mama mmoja wa mstari wa tano, mtu wa maneno machache. Alikuwa akipanga kuni. Akasema kitu kimemchoma kidole, hajui ni nini, huenda ni mwiba tu, na anaona aibu kunisumbua. Niliosha kidole. Nilikiangalia kwenye mwanga, sikuona kitu. Nikamwekea kitambaa cha baridi, nikamtolea kigoda, nikakaa naye. Alinieleza habari za karanga zake. Kila baada ya muda nilimuuliza kama tumbo lina neno, akasema halina. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Nilipomaliza kuswali alasiri bado alikuwa mzima, anapiga miayo.

"Nimekupotezea siku, dresa," alisema akiinuka.

"Hapana, mama. Hata ukichomwa kesho, njoo."

Akaenda zake kumenya karanga. Waliokuja leo: mmoja. Ugonjwa: hakuna.